Kiingilio elfu kumi, safari gunia la mahindi

KILA linapokaribia pambano la watani wa jadi, Simba na Yanga, mjadala unaotawala vijiweni ni wa kiingilio. Mzunguko utakuwa shilingi 5,000 au 10,000? VIP imepanda tena? Kwa mkazi wa Temeke au Mbagala hilo ndilo swali lenyewe. Akishapata tiketi anapanda daladala moja, pengine anatembea kwa miguu, na mpira ukiisha anarudi kula ugali nyumbani kwake.

Kwa mkulima wa Kilosa au mwenye duka Mikumi hesabu ni nyingine. Yeye analipa kiingilio kile kile, lakini hicho ndicho kidogo kuliko vyote atakavyolipa siku hiyo.

Wa Kilosa siku hizi ana afadhali. Mji huo una reli tangu enzi za Wajerumani, ingawa wenyeji hawajasahau mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliyosomba tuta na kuikata njia hiyo. Mwaka 2024 treni ya SGR ilianza kubeba abiria, Juni hadi Morogoro na Julai hadi Dodoma, na Kilosa ikapata stesheni yake. Nauli elekezi iliyotolewa na LATRA kwa treni ya kawaida kati ya Dar es Salaam na Kilosa ni shilingi 18,000. Kwenda na kurudi ni 36,000.

Hapo mpira bado haujaanza. Tuseme shabiki amekata tiketi ya shilingi 10,000. Daladala za mjini, kwenda uwanjani na kurudi, aweke 2,000. Chakula na maji ya kunywa, kwa mtu asiye na makuu, 8,000. Mechi kubwa huchezwa jioni, na asipopata treni ya kumrudisha usiku huo atalala gesti. Ya bei ya chini aiwekee 15,000. Jumla ni shilingi 71,000.

Sasa hesabu hiyo ipelekwe shambani. Mahindi yakiuzwa shilingi 700 kwa kilo, gunia la kilo 100 linaleta 70,000. Mkulima huyo ameondoka nyumbani na gunia zima la mahindi, akatazama dakika tisini, akarudi na deni la shilingi 1,000. Na bei ikishuka wakati wa mavuno, kama ilivyo kawaida yake, gunia moja halitatosha.

Mikumi haina stesheni ya SGR, bali ina barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya, hivyo basi halikosekani. Kwa viwango vya LATRA vilivyoanza Desemba 2023, abiria wa daraja la kawaida hulipa shilingi 48.47 kwa kilomita, na wa daraja la kati 67.84. Kutoka Mikumi hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 300, kwa hiyo basi la kawaida ni takriban 14,500 kwa safari moja, au 29,000 kwenda na kurudi. Basi humshusha Stendi ya Magufuli, Mbezi, na kutoka huko hadi Temeke ni safari nyingine yenye foleni zake. Akiongeza tiketi, chakula na gesti, anakaribia 65,000.

Katika hesabu ya Kilosa, tiketi ni kama sehemu moja tu kati ya saba. Kiingilio kikipunguzwa nusu, kutoka 10,000 hadi 5,000, shabiki wa Temeke ameokoa nusu ya gharama yake au karibu hivyo. Wa Kilosa ameokoa shilingi saba katika kila mia.

Bure ilipokuwa ghali

Ushahidi mzuri ni wa Juni 28, 2016. Yanga walikuwa wanacheza na TP Mazembe ya Kongo katika Kombe la Shirikisho, na uongozi wa klabu ukatangaza kuwa mashabiki wangeingia bure. Uwanja wa watu 60,000 ulijaa saa nyingi kabla ya mpira kuanza, na umati mkubwa ukabaki nje. Mazembe walishinda 1-0.

Nani aliyefaidi siku ile? Ni yule aliyeweza kufika getini asubuhi na mapema, yaani wa jirani. Aliyetoka mkoani kwa basi la alfajiri alifika milango imeshafungwa. Kwake yeye tiketi ya kulipia, iliyokatwa mapema na yenye uhakika wa kuingia, ingekuwa nafuu kuliko hiyo bure.

Klabu nazo zina hesabu zao. Oktoba 20, 2013, watani hao walipotoka sare ya 3-3, watazamaji zaidi ya 57,000 walilipa jumla ya shilingi milioni 500 na ushei, kwa viingilio vilivyoanzia 5,000 hadi 30,000. Ni wastani wa kama 8,700 kwa kichwa. Lakini VAT peke yake, asilimia 18, ilichukua zaidi ya milioni 76 kabla ya makato mengine, na kilichobaki ndicho kilichogawanywa. Anayedai kiingilio kishuke anazungumzia fungu hilo ambalo tayari limemegwa.

Je, si bora kusubiri vigogo hao waje mkoani? Kwa watu wa Kilosa uwanja wa Manungu, Turiani, nyumbani kwa Mtibwa Sugar, uko mkoa huo huo, na njia ni ya Dumila na Magole. Mabingwa hao wa 1999 na 2000 walishuka daraja mwaka 2024, kisha wakapanda tena kwa msimu wa 2025/26. Tatizo ni kwamba katika ligi ya timu 16 kila klabu ina mechi 15 za nyumbani, na ni mbili tu kati ya hizo zinazojaza uwanja: ya Simba na ya Yanga. Klabu ndogo haina budi kuvuna siku hizo mbili, na viingilio hupandishwa. Hata hivyo nauli ni fupi na hakuna kulala gesti, kwa hiyo mkulima bado anapata nafuu akilipa tiketi ghali Manungu kuliko tiketi rahisi Dar es Salaam.

Wanaosafiri na mzigo

Wapo wanaoiona derby bila kuumia, nao ni wafanyabiashara. Mwenye duka la nguo Mikumi lazima aende Kariakoo kufunga mzigo. Wa vitunguu wa Malolo lazima afuate fedha zake kwa dalali wa Ilala. Nauli na gesti ya watu hao imo tayari kwenye bei ya bidhaa. Wakipanga safari iangukie siku ya mechi, mpira unawagharimu kiingilio na soda. Bila shaka ipo hatari yake, kwani aliyefungwa mabao mawili huku fedha za mzigo ziko mfukoni anaweza kujikuta anazitumia kujiliwaza.

Walio wengi hawasafiri. Wanakwenda kibanda umiza, wanatoa jero au buku mlangoni na kukaa kwenye benchi. Azam Media na TFF walisaini mwaka 2021 mkataba wa haki za televisheni wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na kwa shabiki wa wilayani huo una maana kubwa kuliko bei yoyote ya mzunguko. Kibanda chenye watu 71, kila mmoja akitoa 1,000, kinakusanya kiasi kile kile anachotumia shabiki mmoja wa Kilosa kwenda Dar es Salaam. Mwenye kibanda anatoa humo kifurushi cha king'amuzi, umeme au mafuta ya jenereta, na kodi ya banda. Mama lishe na muuza karanga wa nje nao wanapata chao.

Hesabu zote hizo zinategemea jambo moja, kwamba mechi itachezwa siku iliyotangazwa. Machi 8, 2025, siku ya Jumamosi, haikuchezwa. Simba walitangaza usiku wa kuamkia siku hiyo kuwa hawataingia uwanjani, wakilalamika kuzuiwa kufanya mazoezi ya mwisho kwenye Uwanja wa Mkapa, haki ambayo kanuni zinampa mgeni. Yanga, waliokuwa wenyeji, walikwenda uwanjani. Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo siku hiyo hiyo.

Ligi ilibishana kuhusu kanuni na pointi. Shabiki wa mkoani alikuwa na swali lake dogo. Tiketi inaweza kuhifadhiwa hadi tarehe nyingine, lakini nauli haihifadhiki, na hela ya gesti haimo katika mapato ya mlangoni, kwa hiyo hakuna mfuko wa kuirudishia. Mwenye kibanda aliyejaza mafuta na kununua kreti za soda alikuwa kwenye hali hiyo hiyo. Tena Machi ni wakati wa masika, ambapo siku moja nje ya shamba huonekana kwenye magugu.

Pambano lilichezwa hatimaye Juni 25, 2025. Yanga walishinda 2-0 na kutwaa ubingwa wa nne mfululizo. Ilikuwa Jumatano, katikati ya wiki na katikati ya mavuno, na aliyetaka kuiona kwa macho yake kutoka Kilosa alihitaji gunia la pili.