Fahamu: Kwa nini samaki wa asili hujali saa ya maji kuliko wingi wake

Bwawa la Monticello lilipokamilika mwaka 1957 huko California, Marekani, maji ya kijito cha Putah yakaelekezwa mashambani na mijini. Ukame wa 1989 ukakausha sehemu ya chini ya kijito, na kesi kuhusu maji hayo ikafika mahakamani. Mwafaka ulipatikana mwaka 2000.

Ujanja wa mwafaka huo umo kwenye ratiba ya kufungulia maji. Samaki wa asili hutaga mapema, baridi inapoisha. Samaki wageni, kama besi na kapu, husubiri maji yapate joto. Basi mwanzoni mwa mwaka maji hufunguliwa kwa nguvu siku chache, kisha huachwa yatiririke vya kutosha wiki kadhaa, mayai na vifaranga wasibaki pakavu. Novemba au Desemba hufunguliwa tena, kuwaita samoni kutoka baharini.

Peter Moyle na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwafuatilia samaki wa kijito hicho kwa miaka: wenyeji walitawala tena sehemu kubwa ya kijito, wageni wakasukumwa chini, kwenye maji yaliyotulia.

Bwawa likipungua sana, ratiba ya pili, yenye maji machache, hutumika. Bila kipengele hicho, nadhani watumiaji wa maji wasingetia saini mwafaka huo.