Sahani ya Nne Hairudishi Pesa

Ikifika Novemba, simu yangu haipumui. Shemeji, jirani, mwalimu wa mtoto wa jirani: kila mmoja amepata ofa ya hoteli ya pwani, na kila mmoja ana swali lile lile. "Fulu bodi ni nafuu ama si nafuu?" Nimedhibiti gharama za chakula katika hoteli za ufukweni kwa miaka 23, Pwani ya Kusini ya Kenya kwanza, kisha Unguja. Swali hilo nimelijibu hadi ulimi umeota sugu, na siku hizi nalijibu kwa swali: Jumapili mchana mtakuwa wapi?

Mtu hukasirika, akidhani namkwepa. Simkwepi. Fulu bodi, yaani kulipia milo yote mitatu ya siku kabla ya safari, ni kama kununua gunia zima la mchele. Kwa mwenye watoto sita ni nafuu. Kwa kapera ni chakula cha fukusi. Gunia ni lile lile na bei ni ile ile. Ukiniuliza habari za gunia bila kuniambia habari za nyumba yako, unajipotezea vocha.

Lakini kabla ya hesabu kuna imani moja ambayo sina budi kuivunja, maana ndiyo inayoiuza fulu bodi kuliko tangazo lolote. Ni ile ya "nitakula mpaka pesa yangu irudi."

Hebu nikutembeze kwenye meza ya bafe jinsi tunavyoipanga sisi. Mwanzoni kuna mikate, aina saba, bado ina harufu ya tanuri. Halafu supu. Halafu saladi zilizoogeshwa mayonezi. Halafu viazi, tambi, wali mweupe, wali wa nazi. Unapofika kwenye nyama sahani imekwisha kujaa, na hapo utamkuta mpishi mwenye kofia ndefu anayekukatia yeye mwenyewe, vipande vyembamba kama karatasi, kwa tabasamu zuri. Kamba wa kuchoma wako nje, kwenye jiko la mkaa, na pana foleni. Bilauri za juisi ni ndogo. Hakuna aliyekukataza chochote.

Watu wakisikia haya hushangilia. Ahaa! Kumbe dawa ni kuruka mikate na kwenda moja kwa moja kwa kamba. Wengine hushinda na njaa tangu asubuhi ili usiku "wawakomeshe". Wengine huja na vibakuli vya plastiki kwenye mkoba wa ufukweni. Hii ndiyo mitishamba ya mambo ya hoteli, na kila Desemba huzaa waganga wapya wanaotumiana ujumbe kwenye makundi ya WhatsApp.

Haitibu kitu. Pesa yako iliondoka siku ulipobonyeza namba ya siri ukalipa. Ule sahani moja au ule tano, salio lako halisogei. Kinachokuokolea pesa ni shilingi ambayo ungeitoa mfukoni siku ile na sasa hutaitoa, basi. Kama ungekuwa nje ya hoteli ungekula samaki mmoja na wali ukashiba, basi mlo wako wa usiku una thamani ya samaki mmoja na wali, hata kama mbele yako wamepanga bahari nzima. Kamba wa ishirini hakupunguzii hata ndururu, kwa kuwa hukuwa na mpango wa kumnunua popote.

Wala hoteli haikuogopi. Kanuni ya kawaida ya kazi yetu ni kwamba gharama ya chakula kibichi isizidi kama theluthi moja ya bei ya kuuzia, na hesabu hiyo imekwisha kumjumuisha mlafi. Hatumpikii mtu, tunapikia vichwa. Bibi anayekunywa supu, akala kipande cha papai, akaenda kulala ndiye anayemlipia kijana wa sahani nne. Kijana anatoka akijipiga kifua, na sisi tunamtakia usiku mwema kwa moyo mkunjufu.

Namkumbuka bwana mmoja, baba wa watoto watatu, aliyeapa mbele ya wahudumu kwamba atairudisha pesa yake usiku wa kwanza. Kusema kweli alijitahidi. Kesho yake alilala chumbani kutwa, akapitwa na kifungua kinywa na chakula cha mchana, mkewe akachukua teksi kumtafutia dawa ya tumbo. Kwenye daftari langu bwana yule alikuwa faida tupu. Kwa maana, niseme siri ya ofisi, mgeni niliyempenda kuliko wote nikiwa na kalamu mkononi hakuwa anayekula kidogo. Ni yule aliyelipa na hakuja kula kabisa.

Na hapo ndipo pesa yenu inapopotea: kwenye kiti kitupu. Kwenye sahani haipotei.

Kuna kosa la pili, ndugu wa lile la kwanza. Mtu wa mauzo atakuonyesha kwamba bafe ukilipia mlangoni ni shilingi elfu tatu kwa kichwa, halafu atazidisha, halafu atakuambia umeokoa kiasi fulani. Bei hiyo ya mlangoni kaiweka nani? Ni yeye huyo huyo anayekuuzia fulu bodi. Mwenye mizani mbili akikwambia moja ni nzito kuliko nyingine, si habari ya kukutoa nyumbani.

Tuchukue familia ya shemeji yangu, maana ndiye aliyenitia kalamu mkononi safari hii. Baba, mama, mtoto wa miaka 9 na mwingine wa 13. Usiku tatu Diani, Ijumaa hadi Jumatatu. Tarakimu nitakazotumia ni za mfano. Weka za ofa yako mahali pake. Tuseme kutoka malazi na kifungua kinywa hadi fulu bodi kuna nyongeza ya shilingi 5,000 kwa mtu mzima kwa usiku, na mtoto analipa nusu. Wa miaka 9 ni mtoto. Wa miaka 13, katika hoteli nyingi, ni mtu mzima kamili. Mipaka ya umri husomwa kabla ya kulipa, si mapokezi huku mtoto amekuzidi kimo na wewe unaapa ana 11. Kwa hiyo vichwa ni vitatu na nusu: 17,500 kwa usiku, 52,500 kwa zote tatu.

Kwa karatasi wamenunua mikao sita: chakula cha usiku mara tatu, cha mchana mara tatu. Kwa bei ya mlangoni ya 3,000, mkao mmoja wa familia ni 10,500, na sita ni 63,000. Wameokoa 10,500! Shemeji alinipigia kwa furaha.

Haya, Jumapili mchana mtakuwa wapi? Kisiwani Wasini. Wamekwisha kulipia mashua ya kwenda kutazama pomboo na matumbawe ya Kisite, na safari hizo kwa kawaida huwa na chakula cha mchana ndani yake: samaki, kaa, wali wa nazi, pale pale kisiwani. Mlo huo basi wameulipia mara mbili. Ni vivyo hivyo Unguja kwa jahazi za Fumba zinazochoma samaki, na kwa ziara nyingi za mashamba ya viungo. Na Jumatatu mchana? Wana treni ya saa tisa alasiri kutoka stesheni ya Miritini, Mombasa. Kutoka Diani, upite kivuko cha Likoni au barabara ya Dongo Kundu, ufike mapema kwa ukaguzi wa mizigo, saa sita mchana uwe barabarani. Bafe hufunguliwa saa sita na nusu.

Mikao sita imebaki minne. Minne kwa bei ya mlangoni ni 42,000. Ile 10,500 waliyoiokoa imegeuka kuwa 10,500 waliyoipoteza, na hapo bado tunatumia bei iliyowekwa na muuzaji. Tukitumia bei ya Ukunda, mji jirani na Diani, tuseme 3,000 kwa samaki, wali na maharagwe ya nazi ya watu wanne na 600 za tuktuk kwenda na kurudi, basi chakula cha usiku mara mbili hotelini kwa bei ya mlangoni na milo miwili nje ni 28,200. Tofauti na fulu bodi ni 24,300.

Na vinywaji sijavitaja. Fulu bodi, na hata hafu bodi yenye kifungua kinywa na chakula cha usiku, kwa kawaida hulipia chakula tu. Ile chupa ya maji iliyowekwa mezani kwa adabu itakuja kwenye bili siku ya kuondoka, pamoja na kila soda ya watoto.

Ndiyo sababu watu hukimbilia ule mpango wa kila kitu ndani, ambao mgeni huvikwa ukanda mkononi. Club Méditerranée, klabu ya mapumziko iliyoanza mwaka 1950 kisiwani Mallorca, ilikuja kuwauzia wageni shanga za kuvaa shingoni ili wazitumie kulipia vinywaji, na mtu asiyeiona noti hahesabu. Ukanda wa leo umefuta hata shanga. Sikatai, kwa mnywaji wa bia za kawaida anayeanza saa tano asubuhi mpango huo unaweza kumfaa, ingawa pombe za kutoka nje mara nyingi hazimo. Lakini familia isiyokunywa pombe ikinunua ukanda huo inamlipia bia mtu wa meza ya jirani. Nimewaona wazee wa heshima, kanzu zimepigwa pasi, wakifadhili kaunta ya pombe wiki nzima bila kujua.

Basi, mambo ya kufanya, upesi upesi. Andika siku zako kwenye karatasi, mlo kwa mlo, ufute milo ambayo hutakuwepo. Gawa nyongeza kwa milo iliyobaki, ndiyo bei yako halisi. Kisha tazama nje ya geti. Paje, Nungwi, Diani, Mji Mkongwe: sehemu za kula ziko tele, chukua malazi na kifungua kinywa, na ukiwa Mji Mkongwe ukale urojo na mishkaki Forodhani. Kiwengwa au Michamvi usiku, huna gari: hafu bodi ni ya busara. Kambi za Maasai Mara na Serengeti usiniulize, porini hakuna kibanda cha chapati na usiku hutoki kwa miguu. Fulu bodi, lipa unyamaze. Ramadhani Unguja hesabu hugeuka, kwa maana migahawa mingi ya mitaani hufungwa mchana, na asiyefunga mwenye watoto wadogo hula hotelini. Ukiwa na mzee asiyeweza kutembea mbali, hafu bodi pia. Kama umekwisha kulipa fulu bodi na una safari ya mchana, waombe jikoni boksi la chakula tangu usiku wa jana yake. Hoteli nyingi hukubali, wageni wengi hawaulizi. Uliza kama usiku wa tarehe 24 na 31 Desemba kuna karamu ya lazima yenye malipo ya ziada, kwa sababu mara nyingi ipo, na fulu bodi yako haiifuti. Kwa Kenya, uliza kama bei imejumuisha VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Mwenye kitambulisho cha hapa aulize bei ya wakaazi kabla ya kusoma bei ya dola. Na uliza kama unaweza kuanza na kifungua kinywa tu, kisha kuongeza chakula cha usiku siku hiyo hiyo ukichoka kutoka. Mahali pengi inawezekana.

Shemeji, kama umefika hapa: treni yenu ni ya saa tisa na Wasini mmekwisha kulipia. Chukueni hafu bodi, ikiwa nyongeza yake haizidi 2,700 kwa mtu mzima. Itakuwa 28,350 kwa usiku zote tatu, na Jumamosi mchana mle Ukunda kwa 3,600. Jumla 31,950. Ni ghali kwa 3,750 kuliko ule mpango wa milo miwili nje, na hiyo ndiyo bei ya kutosumbuka na watoto barabarani usiku. Naiona bei ya haki. Fulu bodi mwachieni bwana wa dawa ya tumbo.