Twiga Wawili

Hadithi ya leo, wanangu, inaanzia ndani ya matatu ya namba 46, kutoka Kawangware kwenda mjini. Tuseme humo wameketi mke na mume. Mke ana mimba changa, na mkobani mwake mna kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Wamepimwa damu, na kila mmoja amekutwa amebeba jeni ya selimundu. Hawaumwi, wala hawakujua kuwa wanayo. Sasa wametumwa hospitali kubwa wakazungumze na mshauri wa mambo ya urithi, na mke anaogopa kwamba anakwenda kulaumiwa.

Huko hakuna lawama. Mshauri huanza kwa kuuliza, huku akichora ukoo mzima: duara ni mwanamke, mraba ni mwanamume, na mistari inawaunganisha hadi kwa nyanya na babu. Nani alifariki akiwa mdogo? Nani alikuwa akilia usiku kwa maumivu ya mifupa? Hapo mume huenda akamkumbuka kaka yake aliyefariki utotoni, ambaye jamaa walisema amerogwa. Kumbe huenda ilikuwa selimundu. Katika ugonjwa huo, chembe nyekundu za damu hujipinda na kukwama kwenye mishipa midogo. Damu isipopita, mwili huuma vibaya mno.

Sasa, ili muone mtoto anavyoirithi, leteni sarafu mbili za shilingi moja, zile mpya zilizotolewa 2018. Upande mmoja una twiga, wa pili una nembo ya taifa. Twiga awe jeni ya selimundu. Mama anarusha yake, baba anarusha yake. Zikianguka twiga wawili, mtoto atakuwa na ugonjwa. Nembo mbili, hana jeni hiyo kabisa. Twiga mmoja na nembo moja, atakuwa mbebaji kama wazazi wake. Rusheni mara nyingi mtaona: twiga wawili hutokea takriban mara moja katika kila nne. Na kila mimba hurushwa upya. Mtoto wa kwanza akiugua, haina maana kwamba watatu wanaofuata wamesalimika.

Tena, twiga wawili hawapatikani bila wazazi wote wawili. Huniuma sana nikisikia mama amefukuzwa peke yake kwa jambo hili.

Jeni yenyewe ina historia. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu na kuona wabebaji ni wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria, lakini ni wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: mbebaji hukingwa dhidi ya malaria kali. Jeni hiyo iliwaokoa babu za babu zenu, kisha ikahamia Nairobi pamoja na familia zao.

Wazazi wakitaka kujua mapema, kuna kipimo cha kondo la nyuma kuanzia wiki ya 11 hivi, au cha maji yanayomzunguka mtoto kuanzia wiki ya 15. Vyote vina hatari ndogo ya kuharibu mimba. Mshauri huyaeleza haya yote, kisha huwaachia wao waamue. Wengine husubiri mtoto azaliwe, atolewe tone la damu kisiginoni. Akikutwa na ugonjwa, huanzishiwa penisilini akiwa na miezi miwili hivi mpaka afike miaka mitano, hupewa chanjo zote na kukingwa na malaria, na baadaye daktari anaweza kumwongezea haidroksiurea, dawa inayopunguza yale maumivu.