Paka wanne kejani na harufu haiishi? Weka hiyo jiki chini kwanza

UMERUDI kutoka kazini, mvua ya saa tisa imekunyeshea kutoka stejini hadi mlangoni. Unafungua, na kabla hujavua viatu inakupokea ile harufu kali inayochoma pua. Asubuhi haikuwepo, ama ndivyo ulivyodhani. Sasa imejaa hadi kwenye blanketi, na jirani wa mlango wa pili ameshamwambia keateka.

Kama unaishi na paka watatu au wanne huku Kericho au Bomet, huhitaji kuelezwa zaidi. Wengi wetu hatukupanga kuwa na paka wengi. Ulichukua mmoja kwa sababu ya panya waliokuwa wakitoboa gunia la mahindi, kumbe ni jike. Paka hubeba mimba miezi miwili tu. Hesabu mwenyewe.

Na mwenye ploti akitoa notisi, tunajua hadithi huishia wapi: paka wanatiwa kwenye gunia, boda anapewa nauli, wanaachwa kando ya shamba la chai wajitafutie. Nimeona gunia la aina hiyo likifungwa. Basi tuongee kabla hujafika huko.

Kosa la kwanza ni jiki, na mimi nililifanya. Mkojo ukikaa, bakteria huvunja urea iliyomo na kutoa amonia. Jiki ikikutana na amonia hutoa gesi ya kloramini, ambayo huchoma macho na mapafu. Siku hiyo mvua ya mawe ilikuwa inapiga, nikafunga dirisha, nikamwaga jiki konani na kupiga magoti nisugue. Muda mfupi baadaye nilikuwa nje nakohoa, machozi yananitoka, mama wa jirani akiniuliza nimekula pilipili gani. Ikikupata, toka nje mara moja na uache mlango wazi. Kifua kikiendelea kubana, nenda hospitali. Si jambo la kuvumilia.

Mbona basi harufu inarudi hata baada ya kupiga deki mara tatu? Mkojo wa paka una asidi ya yuriki, na chembe zake haziyeyuki kwa urahisi kwenye maji. Unaposugua kwa sabuni ya kawaida, mengine yanaondoka lakini chembe hizo zinabaki ndani ya simiti, katikati ya mbao, kwenye sponji la godoro. Zikikauka, zinatulia. Unyevu ukirudi, harufu inaamka. Na huku kwetu unyevu hauendi mbali: mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Chai inafurahia. Kona yako pia.

Kwanza tafuta doa lenyewe, maana pua hudanganya. Muombe rafiki mwenye duka la M-Pesa ile taa ya zambarau ya kukagua noti bandia. Zima stima usiku, mulika chini na kwenye miguu ya kochi. Mkojo uliokauka hung'aa. Utashangaa ni wapi pote umekuwa ukilala karibu napo.

Kama bado ni mbichi, kandamiza kwa kitambaa ukauke, usisugue. Changanya siki, ile vinega ya kachumbari, na maji kiasi sawa, paka kwenye doa, subiri kama dakika kumi, kisha futa kwa maji safi. Siki hutuliza amonia. (Usiichanganye na jiki pia, hiyo nayo hutoa klorini.) Kwa zile chembe sugu, unahitaji sabuni ya unga yenye vimeng'enya, soma pakiti, zipo zinazoandika. Ikoroge kwa maji ya uvuguvugu, lowesha doa vizuri, funika kwa kitambaa chenye maji usiku kucha, halafu acha pakauke polepole. Maji yanayochemka huua vimeng'enya, umefanya kazi bure. Doa la zamani huenda likataka kurudiwa mara mbili au tatu. Na tafadhali, usiwashe jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ili pakauke haraka. Moshi usioonekana wa makaa unaua watu.

Lakini kusafisha ni nusu tu ya kazi. Paka hakojoi kitandani kwa kisirani. Mara nyingi anakosa choo. Kanuni ya madaktari wa mifugo ni choo kimoja kwa kila paka, na kimoja cha ziada. Paka wanne, beseni tano. Najua, chumba ni kimoja! Angalau jaribu tatu, ziwe pembe tofauti na mbali na chakula, kwa sababu paka mmoja mbabe anaweza kulinda choo wengine wasipite. Weka maranda makavu kutoka kwa fundi mbao. Toa uchafu kila siku, na usiutupe kwenye sukuma wiki, fukia mbali. Ukiwa mjamzito, mwachie mtu mwingine kazi hiyo, kwa kuwa kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasma.

Kisha kuna dume. Akisimama ameinua mkia na kurusha mkojo ukutani, hiyo si haja, ni alama ya mpaka. Mkojo wake pia una kiwango kikubwa cha felinini, kitu kinachovunjika na kutoa ile harufu nzito ya salfa. Dawa yake ni kuhasiwa: madume tisa kati ya kumi hupunguza au kuacha kabisa tabia hiyo. Majike nao wafungwe kizazi, la sivyo mwaka ujao una paka tisa.

Jambo moja halingoji. Dume akiingia chooni mara kwa mara, anajikamua, analia na hakuna kinachotoka, njia imeziba. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Huku kwetu madaktari wengi wa mifugo hushinda kwa ng'ombe wa maziwa, kwa hivyo piga simu mapema uulize nani anahasi paka na siku gani. Jirani anayelalamika huenda naye ana paka. Muulize kama mnaweza kwenda pamoja. Mbebe kwenye kikapu chenye kifuniko, na umuulize daktari ni saa ngapi umnyime chakula kabla ya kudungwa sindano ya usingizi.