Mhitimu Anaporudi Mlangoni mwa Chuo

Kijana wa Wete au Makunduchi aendaye kusoma kilimo Morogoro huvuka bahari kwa boti, akapanda basi au treni ya umeme iliyoanza safari zake mwaka 2024, na hatimaye akaiona milima ya Uluguru imesimama juu ya mji kama ukuta. Chuo Kikuu cha Sokoine kipo chini ya milima hiyo. Lakini kampasi ya Solomon Mahlangu iko Mazimbu, ng'ambo nyingine ya mji, pale walipokuwa na shule yao wapigania uhuru wa Afrika Kusini hadi mwaka 1992. Mgeni asiyelijua hilo aweza kulipia chumba cha miezi sita upande mmoja, kisha akagundua kuwa masomo yake yako upande wa pili. Fedha hiyo hairudi. Neno moja la mtu aliyetangulia lingemwokoa.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito kama leo. Chuo kilianza mwaka 1965 kikiwa chuo cha kilimo, kikawa kitivo mwaka 1969, na mwaka 1984 kikawa chuo kikuu kamili kwa jina la Hayati Edward Moringe Sokoine, aliyefariki mwaka huo huo kwa ajali ya gari huko Dakawa, mkoani humo humo. Mhitimu wa siku zile alipangiwa kazi na Serikali: bwana shamba huyu Iringa, yule Pemba. Leo shahada haimpangii mtu kituo.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2011 wahitimu wa Sokoine waliunda ushirika wao wa wajasiriamali, SUGECO. Ushirika huo huwafunza vijana kilimo cha biashara, ukulima wa vitalu nyumba na usindikaji wa mazao. Tunaona fahari kwamba walichagua ushirika, neno ambalo wengi walikwisha kulizika.

Mwalimu wa namna hii hufundisha hasa kuhesabu. Tuchukue viungo. Kinole, Mkuyuni na Matombo, kwenye miteremko ya mashariki ya Uluguru, hutoa pilipili manga, mdalasini, iliki, na karafuu pia, jambo linalowashangaza Wapemba wengi. Mwanafunzi huona bei ya kijijini, akaona bei ya dukani, akadhani tofauti yote ni faida. Mhitimu humwuliza: pilipili mbichi ikikauka hubaki uzito gani? Gari la kuteremka mlimani mvua inyeshapo ni kiasi gani? Umekwenda SIDO kupata barua ya utambulisho ya kupeleka Shirika la Viwango? Na ile fedha ya kununulia mzigo, si posho yako ya chakula?

Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mkopo wa elimu ni deni. Kuugeuza mtaji ni kukopa mara mbili kwa fedha moja, na mtihani hauwangojei wenye njaa. Mshauri mwema humzuia kijana, ama humwanzisha na kilo tano badala ya gunia.

Tena humfundisha adabu ya mlimani. Mwaka 1955 Waluguru wa Matombo waliinuka kuyapinga matuta waliyolazimishwa kuchimba na wakoloni. Elimu ya kuhifadhi udongo ilikuwa na maana, kwani mito ya Uluguru huilisha Ruvu, na Ruvu huinywesha Dar es Salaam. Lakini ililetwa kwa amri. Mwanafunzi apandaye huko na daftari lake hana budi kuuliza kabla ya kufundisha. Na kijana wa Pemba, aliyekulia kwenye majamvi ya karafuu, anayo ya kutoa vilevile: kuanika anakujua tangu utotoni.

Wakubwa wa Visiwani wanayo nafasi hapa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar, iliyoundwa mwaka 2011, inayajua majina ya wanafunzi iliowakopesha. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar nacho kina wahitimu wake. Yafaa kila aendaye Morogoro apewe, kabla ya kupanda boti, jina la mhitimu mmoja aliyekubali kumpokea. Na mhitimu huyo arudishiwe walau nauli yake. Orodha yaweza kuandikwa kabla ya muhula ujao kufunguliwa.