Faili yako ikipotea, afya yako i hatarini

Je, umewahi kurauka alfajiri, ukapanda matatu ya kwanza ili uwahi kliniki, halafu baada ya kupiga foleni kwa saa nyingi ukaambiwa dirishani kwamba faili yako haionekani? Karani hukuomba ungoje kidogo, na hiyo kidogo hugeuka kuwa adhuhuri. Hatimaye hufunguliwa faili mpya, nawe huingia kwa daktari kama mgeni ambaye hajawahi kukanyaga hospitali hiyo.

Wengi wetu huona jambo hili kuwa usumbufu tu. Lakini hebu fikiria yaliyomo ndani ya faili hiyo. Humo mna rekodi ya dawa unazotumia, kipimo chake, operesheni ulizofanyiwa na dawa ambazo mwili wako huzikataa. Mtu asiyepatana na penisilini akidungwa dawa hiyo, anaweza kuvimba koo, kushindwa kupumua na hata kufa katika muda wa dakika chache. Naye anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda hupunguziwa au kuongezewa kipimo kulingana na matokeo ya awali. Matokeo hayo yakikosekana, daktari hubaki akibahatisha.

Hupotea vipi?

Faili ya mgonjwa husafiri kuliko mgonjwa mwenyewe. Hutoka chumba cha rekodi, ikaenda kwa muuguzi, kwa daktari, kwenye eksirei, wodini, kisha kwa mhasibu. Kila inapotua, yaweza kusahauliwa chini ya rundo la nyingine. Isitoshe, karani aliyechoka akiweka faili nambari 45612 mahali pa 45621, faili hiyo imo chumbani lakini ni kama imepotea. Atakayeitafuta ataangalia mahali pake halisi, asiikute.

Kibandiko chenye redio

Kuna njia ya kupunguza tatizo hili, nayo ni kibandiko chembamba chenye chipu ndogo na antena, kinachogandishwa kwenye jalada la faili. Aina inayotumiwa sana kwenye faili haina betri. Kifaa maalumu cha kusomea hutoa mawimbi ya redio, antena ya kibandiko huyapokea, na nguvu ya mawimbi hayo huiamsha chipu nayo ikajibu kwa kutaja nambari yake. Pasipoti mpya za Kenya, zilizoanza kutolewa mwaka wa 2017, nazo zina chipu inayosomwa kwa redio.

Tofauti na ile mistari myeusi ya bidhaa za dukani, ambayo sharti ionekane ndipo isomwe, kibandiko hiki husomwa hata kikiwa katikati ya rundo. Karani hupita kando ya rafu akiwa na kifaa mkononi, na faili iliyowekwa mahali pasipo pake hujitangaza. Aidha, visomaji vikiwekwa milangoni, kompyuta hujua faili ilipita mlango gani na saa ngapi. Vibandiko vya masafa ya megahezi 13.56 husomwa kwa karibu, kuanzia sentimita chache hadi kama mita moja. Vile vya masafa ya juu zaidi, kati ya megahezi 860 na 960, husomwa hata umbali wa mita kadhaa.

Tahadhari

Hata hivyo, teknolojia hii ina kasoro zake. Chuma huvuruga mawimbi, kwa hivyo kabati za chuma, ambazo zimejaa katika ofisi zetu, huleta shida. Aidha, mawimbi hayo yanaweza kuvuruga mashine za kutibu. Mwaka wa 2008, watafiti wa Uholanzi walichapisha katika jarida la JAMA matokeo ya majaribio 123 waliyofanya kwa mashine za wagonjwa mahututi, bila mgonjwa yeyote kuunganishwa nazo. Mashine zilivurugika mara 34, na mara 22 kati ya hizo zilihesabiwa kuwa za hatari. Hospitali inayotaka mfumo huu yafaa kwanza ivifanyie majaribio vifaa vyake, hasa katika vyumba vya mahututi.

Kisha kuna suala la siri. Kibandiko chapaswa kubeba nambari tu, wala si jina lako au ugonjwa wako, maana mtu mwingine mwenye kisomaji anaweza kukisoma. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, inalinda faragha yako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 nayo inahesabu habari za afya kuwa za siri mno.

Ufanye nini?

Mpenzi msomaji, usingoje hospitali yako ipate vifaa hivyo. Nunua daftari dogo uandike nambari ya faili yako, majina ya dawa unazotumia na vipimo vyake, dawa usizopatana nazo, na tarehe za kulazwa au kupasuliwa. Hifadhi kadi za kliniki na nakala za matokeo ya maabara mahali pakavu. Mama mjamzito asitenganishwe na kijitabu chake cha kliniki. Ukifunguliwa faili mpya, omba iandikwe nambari ya ile ya zamani ili zikipatikana ziunganishwe. Zaidi ya yote, kabla ya kudungwa sindano, mweleze muuguzi dawa inayokudhuru hata asipokuuliza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nayo afya ndiyo mali ya kwanza.