Gari la Kwanza la Alfajiri

Siku ya mashindano ya baiskeli kijijini, ugomvi wa maegesho huwa umeshaanza kabla jua halijachomoza. Saa kumi na moja alfajiri anafika mgeni wa kwanza. Anaona geti la shamba limefungwa, nyasi zimeota chini yake, anadhani halitumiki, anaegesha mbele yake. Dakika tano baadaye anafika wa pili, anaona mwenzake yupo hapo, anajipanga nyuma yake. Ikifika saa moja asubuhi ukingo mzima wa barabara umejaa. Mfugaji anayesubiri lori la maziwa anakuta njia imezibwa na watu ambao hata hawapo: wako kilomita arobaini mbali, juu ya baiskeli, na hawatarudi hadi mchana.

Wanakijiji husema wageni hawana adabu, na wana haki ya kukasirika. Mzee aliyeshindwa kufika kanisani, mama aliyelazimika kushusha mtoto na kiti chake cha magurudumu katikati ya barabara kwa sababu njia ya waenda kwa miguu imekaliwa na magari, hao hawahitaji kuambiwa wavumilie. Lakini katika kazi ya kupanga usafiri tunajua kwamba tukiishia kwenye adabu, mwaka ujao kitajirudia kilekile, maana mwaka ujao watakuja wageni wengine. Kinachotakiwa ni kuelewa kwa nini watu wa kawaida, ambao nyumbani kwao wasingethubutu kuziba geti la jirani, huliziba geti la mtu wasiyemjua.

Kwanza tuangalie hesabu yenyewe, kwa sababu mashindano ya baiskeli ni tofauti na soko au harusi. Sokoni gari linakaa saa moja, linaondoka, nafasi ileile inahudumia watu kadhaa kwa siku. Kwenye mbio za umma ambazo kila aliyejiandikisha anaendesha, wote wanafika ndani ya saa moja au mbili za alfajiri, na hakuna anayeondoka kabla ya saa tano au sita kupita. Nafasi moja inahudumia gari moja, basi. Tena baiskeli huchukua nafasi ndani ya gari au hufungwa nyuma kwenye kibebeo, hivyo gari ambalo lingebeba watu wanne linabeba mmoja au wawili, na kibebeo chenyewe kinaongeza karibu mita moja ya urefu.

Tuchukue mfano wa mbio ndogo zenye washiriki 1,000 waliokuja na magari 600. Ukiyapanga uwanjani kwa utaratibu, kila gari pamoja na sehemu yake ya njia ya kupita linahitaji karibu mita za mraba 30. Jumla ni mita za mraba 18,000, yaani chini kidogo ya hekta mbili. Shamba moja la kawaida linatosha. Ukiyaacha yajipange yenyewe kandokando ya barabara, kila moja likichukua mita sita, mstari unafika kilomita 3.6. Kijiji kizima chaweza kuwa kifupi kuliko mstari huo. Hapo ndipo magari yanapoanza kupanda kwenye nyasi, kwenye kona, kwenye mageti na upande wa pili wa barabara.

Upande wa pili wa barabara ndio unaonitia wasiwasi zaidi ya yote. Dereva anayeegesha huangalia kama gari linalofanana na lake litapita, na akiona litapita anaondoka na moyo mweupe. Barabara nyingi za vijijini Uingereza, ambako mashindano ya aina hii yameenea mno, zilianza kama njia za mikokoteni na zimebanwa na kuta za mawe au vichaka pande zote mbili. Pale zinapopanuka hadi mita 5.5, gari moja lililoegeshwa linachukua mita mbili na kubakiza 3.5. Gari la zimamoto, ambalo mwili wake una upana wa kama mita 2.5 bila vioo vya pembeni, litapita kwa tabu, ingawa mwongozo wa majengo wa England unataka njia yake isipungue mita 3.7. Akija mwingine akaegesha mkabala, inabaki mita 1.5. Hata wakipishana hatua chache, mmoja huku na mwingine kule, gari refu halina nafasi ya kupindapinda kati yao. Kila mmoja wa madereva hao wawili waliopishana, ukimuuliza, atakuambia aliacha nafasi ya kutosha, na kwa makadirio ya jicho lake wakati anaegesha ilikuwa kweli.

Kona nazo zina hesabu yake. Mwendesha baiskeli anayeshuka mlima kwa kilomita 50 kwa saa anakata karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde ya kwanza baada ya kuona hatari inapotea kabla mkono haujabana breki. Gari lililosimama kwenye kona linamnyima mita ishirini au thelathini za kuona mbele, na hizo ndizo alizokuwa akizihitaji. Mwongozo wa barabara wa Uingereza huwaambia madereva wasiegeshe ndani ya mita 10 kutoka makutano kwa sababu kama hiyo. Inasikitisha kwamba mara nyingi aliyeegesha pale naye ni mwendesha baiskeli, na anayewekwa hatarini ni mwenzake mwenye namba mgongoni.

Sasa turudi kwa lile gari la kwanza. Mwaka 2008 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, Kees Keizer, Siegwart Lindenberg na Linda Steg, walichapisha katika jarida la Science majaribio waliyofanya mitaani. Moja lilifanyika kwenye maegesho ya magari. Waliweka uzio wa muda wenye upenyo, wakabandika matangazo mawili: la kwanza lilikataza kufunga baiskeli kwenye uzio, la pili lilikataza kupita penye upenyo na kuwataka watu wazunguke kama mita 200 kufikia magari yao. Baiskeli nne ziliposimamishwa mbali kidogo na uzio, asilimia 27 ya watu walikaidi na kupita. Baiskeli zilezile zilipofungwa kwenye uzio, kinyume cha tangazo la kwanza, waliokaidi tangazo la pili walifika asilimia 82. Hakuna aliyewashawishi kwa maneno. Waliona kwamba mwingine amevunja amri, tena amri tofauti kabisa, na hilo likatosha.

Ndiyo maana bango la kusihi wageni wawe waungwana, likisimama kando ya magari yaliyokwisha kuegeshwa vibaya, halisaidii na pengine linadhuru, kwa kuwa linaonyesha amri inayopuuzwa mbele ya macho ya kila mtu. Na ndiyo maana msimamizi mwenye fulana ya kung'aa anayefika saa moja asubuhi amechelewa. Alitakiwa awepo saa kumi na nusu, pamoja na koni zilizopangwa jana yake jioni, ili gari la kwanza lielekezwe mahali sahihi na la pili lilifuate huko. Mtu mmoja kwa saa moja ya giza anafanya kazi ambayo watu kumi hawataiweza ikifika saa mbili asubuhi.

Mkoa wa Yorkshire, kaskazini mwa England, umejifunza mengi kwa njia ngumu. Tarehe 5 na 6 Julai 2014 mashindano ya Tour de France yalianzia huko, siku ya kwanza kutoka Leeds hadi Harrogate, ya pili kutoka York hadi Sheffield. Mlima wa Buttertubs, ulio kati ya mabonde mawili yenye vijiji vidogo vya wafugaji wa kondoo, ulifunikwa na watu mwanzo hadi mwisho. Makadirio ya waliojipanga barabarani kwa siku hizo mbili mkoani humo yalihesabiwa kwa mamilioni. Mashindano ya kutazama yana tabia yake: barabara ya mbio hufungwa saa nyingi kabla, kwa hiyo anayetaka mahali pazuri huja usiku au siku ya kuamkia, na msongo wote unahamia kwenye vijia vya pembeni ambavyo havikufungwa.

Kilichowaokoa wengi ni mashamba. Sheria ya mipango miji ya England inamruhusu mwenye ardhi kuitumia kwa shughuli ya muda hadi siku 28 kwa mwaka bila kuomba kibali cha mipango, na wakulima wakaweza kufungua malisho, kutoza ada na kupanga magari kwa mistari. Mpango huu naupenda kwa sababu mgeni anapata nafasi, mwenye shamba anapata kipato, na geti la shamba, lililoonekana kama halitumiki, linapata mtu aliyesimama mlangoni. Ila malisho si lami. Mwaka 2019 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipokuja Harrogate, mvua ilinyesha hadi njia ya mbio za wanaume ikafupishwa, na uwanja wa nyasi wa Stray katikati ya mji ukageuka tope na kuhitaji matengenezo. Mwandaaji anayetegemea shamba lazima awe na eneo la pili lenye sakafu ngumu, kama uwanja wa shule ya sekondari iliyofungwa Jumapili au wa kiwanda kisichofanya kazi mwisho wa wiki. Shamba likilowa na kufungwa saa kumi na mbili asubuhi, magari 600 hayarudi nyumbani. Yanarudi barabarani.

Bei nayo ina nguvu yake. Mwanauchumi Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyefariki Februari 2025, alitumia maisha yake kuonyesha madhara ya maegesho ya bure. Alikusanya tafiti za miji mbalimbali zilizopima sehemu zenye msongamano, na wastani wake ulionyesha kwamba karibu asilimia 30 ya magari yaliyokuwa yakitembea yalikuwa yanazunguka kutafuta nafasi, kila moja kwa dakika nane hivi. Kijijini kosa huwa lilelile: shamba rasmi lina ada na liko mbali, ukingo wa barabara ni wa bure na uko karibu. Mwandaaji anayetoza ada shambani bila kulinda ukingo anawalipa watu waegeshe vibaya. Afadhali ada iingizwe kwenye kiingilio cha mbio, ili anayefika shambani asiwe na cha kulipa na asiwe na sababu ya kukimbilia barabarani.

Afrika Mashariki tulishuhudia njia nyingine. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano hayohayo ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Shule za jiji zilifungwa wiki ile, na watumishi wa serikali wasio wa huduma muhimu wakatakiwa kufanya kazi nyumbani. Badala ya kutafuta nafasi za magari, jiji lilipunguza magari yenyewe, na watazamaji wakaja kwa miguu na kujaza miteremko ya mtaa wa Kimihurura. Ilifaa, kwa tukio la kiwango kile. Lakini tukumbuke mzigo uliangukia wenyeji, ambao ndio waliobadilisha ratiba zao. Mbio ndogo za Jumapili hazina mamlaka ya kufunga shule wala haki ya kuomba hivyo, na mbio ndogo kama hizo zinaongezeka kwetu kila mwaka. Katika mbio hizo mzigo unapaswa kubebwa na anayekuja.

Na anaweza kuubeba kirahisi. Shabiki wa mpira akiegesha kilomita tano kutoka uwanjani ana shida. Mshiriki wa mbio za baiskeli akiegesha kilomita tano kutoka mwanzo wa mbio ana baiskeli. Kwa mwendo wa taratibu wa kilomita 20 kwa saa atafika ndani ya dakika 15, na misuli yake itakuwa imepata joto ambalo angelitafuta kwa kuzungukazunguka kijijini. Sioni sababu yoyote ya kitaalamu inayotaka magari ya washiriki wenye afya yawe karibu na mstari wa kuanzia. Nafasi za karibu zibaki kwa wenye ulemavu, wahudumu wa afya na wenyeji wenyewe.

Hili huamuliwa wakati wa kujiandikisha. Mshiriki anaandika namba ya gari lake, anapewa jina la shamba na saa ya kufika pamoja na namba yake ya mbio, na anakubali kwamba gari lake likikutwa limeziba geti au njia ya waenda kwa miguu, matokeo yake yanafutwa. Polisi wa kijijini hawana watu wa kuandika faini alfajiri ya Jumapili, lakini mwandaaji anazo namba zote. Anayependa muda wake uonekane kwenye orodha ataegesha anapoambiwa.

Waandaaji wanaodhani wenyeji hawana nguvu waangalie Surrey, kusini mwa London. Kwa miaka mbio kubwa za RideLondon zilipita vilima vyake, barabara zikifungwa siku nzima kila kiangazi. Mwaka 2020, baada ya kukusanya maoni ya wakazi, halmashauri ya Surrey iliamua kutoendelea kuzipokea, na ziliporejea mwaka 2022 zilihamia Essex.

Kwa mwenyeji ambaye serikali ya kijiji chake imeletewa barua ya kuomba ridhaa, yapo mambo ya kudai kwa maandishi kabla ya kusaini: ramani ya shamba la maegesho na la akiba, idadi ya magari yanayotarajiwa ikilinganishwa na ukubwa wa mashamba hayo, na orodha ya mageti yote yanayotumika, iliyoandaliwa kwa kupita nyumba kwa nyumba, kila geti likiwa na koni zake tangu jioni. Kisha namba ya simu ya mtu, si ya ofisi, itakayopokelewa kuanzia saa kumi na nusu alfajiri, na jina la mwenye gari la kuvuta lililokodiwa na mwandaaji likisubiri ndani ya kijiji. Kama barua haina hayo, irudishwe ikajazwe.